Kitambulisho

Nilikichapisha mwenyewe, Jumanne.
Mashine ikakohoa, ikakitema kingali na joto:
Leonilde Bastos, Udhibiti wa Ubora.
Pichani anatabasamu upande mmoja tu,
kama mtu aliyeonywa asitabasamu.

Ijumaa nikaambiwa nimpigie.

Kiwandani kwetu Aveiro, kwenye vigae vya sakafu na vya kuta,
hakuna anayevunja mkataba. Tuna maneno mengine.
Karatasi niliyopewa ilisema "marekebisho ya mpango",
ilisema "kwa masikitiko",
ilisema nisizidishe dakika nne.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa mkurugenzi:
Usiombe radhi. Radhi ni ushahidi.

Alikuwa Bragança, juu ya ngazi, akishusha mapazia.
Aliniambia mwenyewe, kabla sijafungua kinywa,
akidhani nimepiga kuulizia viatu vya kazini:
"Thelathini na saba! Nilisahau kujaza kwenye fomu."

Nikaandika thelathini na saba.
Mungu anajua, niliandika,
kisha nikasoma karatasi.

Hakulia. Afadhali angelia.
"Lakini nilisaini."
Ndiyo.
"Na ninyi mlisaini."
Ndiyo.
"Kwa wino?"
Nikafungua faili, kana kwamba sikujua.
Wino wa buluu, saini ya mkurugenzi na mkia wake mrefu
unaozunguka na kurudi kujifunika wenyewe.
Kwa wino, nikasema.

Ahadi ni deni, watu husema.
Basi sisi ni wadeni wa kuheshimika,
wadeni wenye mlango wa kioo unaofunguka wenyewe
na mwanasheria aliyekwisha kupata tundu,
ukurasa wa sita, herufi ndogo kama sisimizi.

Dakika ya tisa alikuwa bado ananitajia,
si kwa kulalamika, kama anayesoma risiti:
miaka kumi na mmoja kwenye maabara ya maziwa, ameshaaga;
birika la umeme, wenzake walilichangia, bado lina utepe;
kiti chake kimeshakaliwa na kijana mmoja mwenye kikohozi;
kodi ya chumba huku kwetu, miezi miwili, hairudi;
paka kapewa jirani wa ghorofa ya chini,
na paka amegoma kula.
Hapo kwenye paka ndipo alipokata simu.

Jumatatu, saa mbili kasoro tano asubuhi, alikuja.
Basi la usiku, nywele zimelala upande mmoja,
mkataba ndani ya mfuko wa plastiki.
Akamwambia mlinzi: "Nimekuja kazini."
Mlinzi akanitazama. Mimi nikatazama sakafu,
vigae vyetu wenyewe, daraja la kwanza.

Nilikuwa nimeamriwa nikikate kwa mkasi.
Kilikuwa bado kwenye droo yangu, chini ya pakiti ya chai.
Sijui kwa nini nilimpa. Usiuite wema;
wema ungekuja Ijumaa.
Akalisoma jina lake taratibu, kama anayekagua tahajia,
akakigusisha mlangoni.

Kioo kikafunguka.
Hakuingia. Alisimama mpaka kikajifunga.
Akagusisha tena. Kikafunguka, kikajifunga.
Tena.
Kisha akakitundika shingoni, juu ya koti, akaondoka nacho
kuelekea kituoni, kwa mwendo wa mtu aliyemaliza zamu.

Viatu vilifika Jumatano.
Viko chini ya meza yangu, ndani ya boksi, na kila nikinyoosha miguu navigonga.

Na kila mwisho wa mwezi kompyuta inanidai maelezo:
Bastos, Leonilde. Ameingia mara tatu.
Hajatoka.